Maswali Yenu, Majibu Yetu: Kumtambua mapema mwanafunzi atakayekwama Kidato cha Nne

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini na vijiji vya pwani yake, na karibu zote zinauliza jambo moja: kumbukumbu zilizojaa makabatini mwa shule zinaweza kutuonyesha mapema nani anahitaji msaada? Zinaweza, lakini kwa masharti. Barua tumezifupisha.

Ndugu wahariri, salaam. Shule yetu ni ya kata. Tuna madaftari ya mahudhurio na matokeo ya miaka minne, mengine kwenye Excel, mengine karatasi. Kijana mmoja amejitolea kututengenezea akili mnemba itakayotabiri nani atapata sifuri Kidato cha Nne. Kompyuta ya ofisi ni moja. Tuanzie wapi?
*Mwalimu wa taaluma, Pongwe*

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kompyuta ingoje kwanza. Kaeni walimu watatu au wanne, muandike kwenye karatasi mnatabiri nini hasa, na mnatabiri lini.

Sifuri si shabaha nzuri. Daraja la 0 ni pointi 34 na 35 tu katika masomo saba bora, na daraja la IV ni pointi 26 hadi 33. Mwenye pointi 33 na mwenye 34 wamepishana kwa somo moja lililotoka F kwenda D. Mkiwatenganisha, mnaifundisha modeli, yaani ile hesabu inayojifunza kutoka kwenye data ya zamani ili itabiri, kwamba hao ni watu wa aina mbili, na si kweli. Tena waliopata 0 huenda ni wachache mno kwa modeli kujifunza lolote. Chukueni IV na 0 kwa pamoja, yaani pointi 26 na kuendelea, na hilo ndilo tutakaloliita "kukwama" katika majibu haya. Kama shuleni kwenu walio wengi huangukia daraja la IV, sogezeni mpaka hadi pointi 30, kwa sababu orodha inayotaja karibu darasa zima haimsaidii mwalimu kuchagua aanze na nani.

Kuhusu wakati, tunapendekeza mwisho wa Juni, Kidato cha Tatu. Mtihani wa mwisho ni Novemba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo mnabaki na miezi 16 ya kufanya kazi. Utabiri wa Agosti ya Kidato cha Nne utakuwa sahihi zaidi na utafaa kidogo sana. Mkishachagua tarehe hiyo, ishikeni: kitu chochote kilichojulikana baada yake hakiingii kwenye jedwali, hata kiwe kizuri namna gani.

Jedwali lenyewe ni mstari mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Wekeni namba badala ya jina, mwaka wa kumaliza, asilimia ya mahudhurio Januari hadi Juni, gredi za Kiingereza na Hisabati za Upimaji wa Kidato cha Pili, kazi za nyumbani alizokabidhi kati ya zilizotolewa, wastani wa majaribio, na safu ya mwisho ya pointi alizopata. Kiingereza kipeni nafasi yake, maana ndiyo lugha ya kufundishia na ya kufanyia mtihani sekondari. Mwanafunzi anaweza kuijua Biolojia na bado akashindwa kulielewa swali la Biolojia.

Kuingiza data ndiko kunakoharibu kazi nyingi, kwa hiyo hapa msikimbie. Aliyekosa mtihani si aliyepata 0. Acheni kisanduku kitupu, na pembeni muwe na safu nyingine inayosema "hakufanya". Mkiandika 0, wastani wake unaporomoka kwa siku moja ya homa. Asilimia ya mahudhurio mwigawe kwa siku ambazo shule ilifunguliwa kweli, wala msichukue siku za kalenda. Alama 50 za mwalimu anayesahihisha kwa mkono mgumu si sawa na 50 za mwenzake, basi badala ya alama tupu chukueni tofauti yake na wastani wa darasa katika mtihani uleule, mwigawe kwa mchepuko sanifu wa mtihani huo, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika. Excel inao kwenye fomula zake.

Kosa lililo baya kuliko yote halionekani kwenye jedwali, kwa sababu ni watu ambao hawamo. Walioacha shule kabla ya Novemba ya Kidato cha Nne hawana matokeo, na mwingizaji data huwaruka. Hao ndio waliokuwa na mahudhurio mabovu kupita wote. Mkiwaacha nje, modeli itajifunza kwamba utoro hauna madhara makubwa, kwa kuwa watoro waliobaki kwenye jedwali ni wale waliojikaza hadi mwisho. Warudisheni na muwahesabu kuwa wamekwama. Aliyehamia shule nyingine ni habari tofauti. Huyo mwondoeni.

Sasa hesabu. Kanuni ya zamani ya watakwimu inasema kwa kila kigezo unachoingiza, kama mahudhurio au gredi ya Hisabati, uwe na watu wapatao 10 waliopatwa na jambo unalolitabiri. Kama katika miaka minne walikwama wanafunzi 60, vigezo visizidi sita, na vinne ni bora zaidi. Kijana wenu atumie rigresheni ya lojistiki. Hiyo hukipa kila kigezo uzito wake, ikajumlisha, ikageuza jumla kuwa uwezekano kati ya 0 na 1.

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, uzito wa vigezo umetoka hivi: mahudhurio chini ya asilimia 85, uzito 1.1, F ya Kiingereza, 1.0, kazi za nyumbani chini ya nusu, 0.6, F ya Hisabati, 0.5. Gawanyeni kila uzito kwa ulio mdogo kabisa, yaani 0.5, mkadirie kwa namba nzima. Mtapata 2, 2, 1 na 1. Tayari mna kadi ya alama ambayo jumla yake ya juu ni 6, inayoingia kwenye nusu karatasi na kujazwa kwa kalamu. Chukueni kila mwanafunzi wa miaka iliyopita, mjumlishe alama zake, kisha mhesabu: kati ya waliokuwa na 0 walikwama wangapi, waliokuwa na 1 wangapi, hadi 6. Idadi kwa kila mia inapaswa kupanda. Mkiona wenye 4 wamekwama kidogo kuliko wenye 3, data ni chache pale. Yaunganisheni makundi hayo mawili.

Angalizo moja kuhusu uzito. Uzito wa 1.1 maana yake uwiano wa wanaokwama kwa wasiokwama huzidishwa mara 3. Uwiano si asilimia. Kwenye kundi ambalo hukwama 20 kati ya 100, uwiano ni 20 kwa 80, yaani 0.25. Zidisha kwa 3 upate 0.75, na hiyo ni kama 43 kati ya 100. Anayewaambia wazazi "mtoto huyu ana hatari mara tatu, yaani asilimia 60" amekosea hesabu na amewatia hofu isiyo na sababu.

Kompyuta moja inatosha. Programu ya R ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na jedwali la wanafunzi 500 huimaliza kufumba na kufumbua.

Shikamooni. Nasoma takwimu chuoni. Nimepakua data maarufu ya wanafunzi wa Ureno, nikajenga msitu wa miti ya maamuzi, usahihi ukawa wa juu sana. Msimamizi wangu ameitazama dakika mbili akasema haina maana. Sijaelewa.
*Mwanafunzi, Tanga mjini*

Marahaba, kijana wetu. Msimamizi wako ameona safu mbili. Data hiyo ilitolewa na Paulo Cortez na Alice Silva mwaka 2008, kutoka shule mbili za sekondari: wanafunzi 395 wa Hisabati na 649 wa Kireno, safu 33. Safu ya mwisho, G3, ni alama ya mwisho wa mwaka kati ya 0 na 20. G1 na G2 ni alama za vipindi viwili vya mwaka huohuo, na zimeshikamana sana na G3. Ukiziacha ndani, modeli inanakili G2 tu. Ziondoe zote mbili uendeshe upya. Usahihi utashuka sana, na hapo ndipo utajua umri, muda wa kusoma, utoro na kushindwa huko nyuma vinabeba nini.

Kuna mtego wa pili. Wanafunzi 382 wamo kwenye mafaili yote mawili. Ukiyaunganisha kisha ukagawa kwa kura ya bahati, mwanafunzi mmoja atakuwa upande wa kufundishia modeli na pia upande wa kuipima. Huo unakuwa mtihani ambao majibu yake yameshaonekana.

Huku kwetu uvujaji wa namna hii, yaani jibu kupenya ndani ya data ya kutabiria, huja na matokeo ya mtihani wa utamilifu, au na safu ya "amehudhuria masomo ya ziada" iliyojazwa baada ya walimu kushaona nani anaelemewa. Dawa yake ni kugawa kwa miaka: modeli ijifunze kwa waliomaliza 2021, 2022 na 2023, ipimwe kwa wa 2024 ambao haijawaona. Ndivyo itakavyotumika kwa kweli, kwani kila mara itakuwa inatabiri mwaka usiofika.

Na "usahihi" wenyewe uutilie shaka. Chukua darasa la wanafunzi 120, ambapo 24 wamekwama. Modeli yako imetaja majina 30, na 18 ndio waliokwama kweli. Imewakamata 18 kati ya 24, sawa na asilimia 75, imewaacha 6, na imewashtua bure 12. Waliobaki 84 haikuwataja na kweli hawakukwama, kwa hiyo usahihi wa jumla ni 18 na 84, yaani 102 kati ya 120, asilimia 85. Sasa chukua modeli ya mvivu inayosema "hakuna atakayekwama". Usahihi wake ni 96 kati ya 120, asilimia 80! Pengo ni tano tu kwa mia, ilhali ya kwanza imewaona watoto 18 na ya pili haijamwona hata mmoja. Kwenye ripoti yako andika hizo namba nne, 18, 6, 12 na 84, kabla ya asilimia yoyote.

Mtaalamu aliyekuja shuleni anatushauri modeli ya mtandao wa neva, halafu programu nyingine itueleze kwa nini imemtaja nani. Anasema hiyo ndiyo ya kisasa. Tumwamini?
*Mkuu wa shule, Pangani*

Mheshimiwa Mkuu, mwombeni kwanza ajenge zote mbili, yake na kadi ya alama, azipime kwa mwaka uleule ambao hazijauona. Kwa jedwali la mistari mia chache na safu kumi hivi, kadi haiachwi mbali, na mara nyingi huenda sambamba. Mtandao wa neva, yaani modeli yenye tabaka nyingi za hesabu ambazo mtu hawezi kuzisoma, hung'aa kwenye picha, sauti na maandishi kwa maelfu na maelfu, na shule haina data ya namna hiyo.

Programu za kueleza anazozisema, kama LIME ya mwaka 2016 na SHAP ya 2017, ni kazi nzuri za kitaalamu, ila zinatoa makadirio ya kile modeli ilichofanya. Mwaka 2019 mtaalamu wa kompyuta Cynthia Rudin aliandika katika jarida la *Nature Machine Intelligence* kwamba pale uamuzi unapogusa maisha ya mtu, ni afadhali kutumia modeli inayosomeka yenyewe kuliko kufunga sanduku kisha kutafuta mkalimani wa sanduku. Sisi tuko upande wake bila kusitasita. Mwalimu wa darasa anakwenda kukaa na mzazi uso kwa uso. Anahitaji kusema "amekosa kukabidhi kazi 11 kati ya 20", na mzazi aweze kufungua daftari akazihesabu.

Mti mmoja wa maamuzi nao unasomeka: mahudhurio chini ya 85? Ndiyo, nenda kushoto, Kiingereza F? Na kadhalika. Usiupe ngazi zaidi ya tatu, na kila tawi la mwisho liwe na wanafunzi wasiopungua 20. Udhaifu wake ni kuyumba. Ondoa wanafunzi wachache, na swali la juu kabisa laweza kubadilika. Ujengeni mara kadhaa, kila mara mkiacha mwaka mmoja nje. Ukibadilika sura kila mara, rudini kwenye kadi.

Mkiona kigezo kimepata alama ya kinyume, kwa mfano kukabidhi kazi kunaonekana kuongeza hatari, msianze kutafuta maelezo ya ajabu. Kwa kawaida vigezo viwili vinabeba habari ileile, asiyekuja shuleni hakabidhi kazi, na hesabu inavigombanisha. Toeni kimoja.

Watoto wa hapa huadimika siku za bamvua, wanakwenda na wazazi kwenye miamba kutafuta pweza. Je, modeli itawaona kama watoro wa kawaida?
*Mwalimu wa darasa, Tongoni*

Itawaona hivyo, Mwalimu, msipoifundisha. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na pwani hii maji yake hukupwa kabisa asubuhi, mnamo saa nne na saa tano, katikati ya vipindi. Mtoto wa miambani hukosa tuseme siku tatu mfululizo kila bamvua, sita kwa mwezi, kisha anarudi. Mwingine naye hukosa siku sita kwa mwezi, ila zimetawanyika ovyo. Kwenye asilimia wanafanana.

Wekeni safu mbili badala ya moja: siku alizokosa ndani ya bamvua na alizokosa nje yake. Bamvua ihesabuni kuanzia siku ya mwezi mwandamo au mpevu pamoja na siku tatu zinazofuata. Ijazeni kwa muhula mmoja mwone. Kama uzito wa safu hizo unatofautiana sana, mmepata jambo ambalo asilimia ilikuwa inalificha. Usipotofautiana, rudisheni safu moja.

Lakini kuna kazi isiyongoja modeli. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima mbele. Angalieni majaribio ya wiki na mada mpya za Hisabati zinaangukia siku gani, mzisogeze kwenye maji mafu, siku za katikati ya bamvua mbili. Na kikao cha wazazi kiitwe siku ambayo wao hawapo miambani.

Binti yangu yuko Kidato cha Tatu. Jina lake limebandikwa ubaoni kwenye karatasi iliyoandikwa "hatarini". Analia, hataki kurudi. Kompyuta inaweza kumhukumu mtoto hivi?
*Mama, Chumbageni*

Pole sana, Mama. Karatasi ile haikupaswa kubandikwa, na una haki ya kuomba iondolewe leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu shule pia, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Orodha ya namna hii ni ya mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma na mzazi wa mtoto mhusika, basi.

Kisha omba uonyeshwe binti yako alipewa alama zipi, na kwa nini. Kadi ikiwa ya kusomeka, hiyo ni kazi ya dakika tano. Linganisha na daftari la mahudhurio. Kosa tunalolitaja kwa mkazo ni la wanamichezo. Tuseme shule ilifunguliwa siku 95, binti alikosa 17, na 14 kati ya hizo alikuwa kambi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akiiwakilisha shule yenyewe. Daftari linasema 78 kati ya 95, asilimia 82, naye anabandikwa alama 2 za utoro. Hesabu ya haki ni 78 kati ya 81, asilimia 96, na alama zile 2 zinafutika.

Uliza pia kama kata mnayoishi, kazi ya baba au dini vimo kwenye kadi. Visiwemo. Uingereza mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya korona, mamlaka ya mitihani ya Ofqual ilitumia fomula iliyoegemea matokeo ya nyuma ya shule. Karibu asilimia 39 ya gredi za walimu zilishushwa. Mwanafunzi hodari kwenye shule iliyozoea kufanya vibaya alibebeshwa historia ya waliomtangulia. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudisha gredi za walimu. Jinsia nayo tunashauri isiwe na alama kwenye kadi, ila shule ipime kadi kwa wasichana peke yao na wavulana peke yao, ione kama inawaacha wa upande mmoja zaidi.

Tumeshapata orodha. Mwakani tutumie kadi hiihii?
*Mwalimu wa Hisabati, Makorora*

Urefu wa orodha uamuliwe na mikono mliyo nayo. Kama walimu wa masomo ya ziada wanaweza kuwabeba wanafunzi 30, kateni kwenye 30 wenye alama za juu, wala msitafute mpaka wa kitaalamu.

Kuhusu mwakani, angalieni hili. Mtoto mwenye alama 5 amesaidiwa, amefaulu. Jedwali jipya litasoma kwamba mwenye alama 5 hufaulu, na kadi itakayojengwa juu yake itampunguzia hatari mwenzake anayefuata, kwa sababu tu ninyi mlifanya kazi nzuri. Ongezeni safu tatu leo: tarehe msaada ulipoanza, ni msaada gani, na vipindi alivyohudhuria. Mtakapojenga upya mwakani, uzito wa vigezo vya kadi utoke kwa ambao hawakusaidiwa na kwa miaka ya kabla ya kadi. Waliosaidiwa wawekwe jedwali lao peke yao, mlinganishe pointi zao na za wanafunzi wa zamani waliokuwa na alama zilezile bila msaada.